Mgonjwa wa Sikukuu ya Madaraka

Priscilla alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mumewe, akiifuta mashine ya oksijeni kwa kitambaa chenye spiriti, viatu viwili vyeusi viliposimama mbele ya ndoo yake ya deki. Hakuinua macho mara moja. Mtu akifagia wodi kwa kibarua miaka tisa hujifunza kusoma viatu kwanza, na hivi vilikuwa vimekanyaga vumbi la Kisaju hatua ishirini tu, kutoka kwenye gari hadi mlangoni.

"Hii iko safi," sauti ilisema juu yake. "Nani huitunza?"

"Ni mimi," Priscilla alisema.

Baadaye alikuja kulikumbuka jibu hilo akatamani kuung'oa ulimi uliolitoa. Lakini asubuhi ile, mkesha wa Sikukuu ya Madaraka, alilitoa kwa fahari, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Mashine yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na kimo cha stuli na magurudumu manne, na katika kituo kile cha afya ilikuwa moja tu. Ilivuta hewa hii hii ya kila mtu, ikaichuja, ikaipitisha kwenye mrija hadi puani mwa Katoo. Priscilla hakusomea udaktari lakini aliielewa. Aliosha kichujio chake kila Jumatatu. Aliipangusa kila asubuhi kabla hajagusa sakafu, na mngurumo wake ndio uliomwambia, akiwa bado uani na ndoo mkononi, kwamba mumewe yu hai.

Katoo alikuwa amepiga dawa kwenye maua miaka kumi na saba, katika shamba moja kule Isinya, amejifunga kitambaa cha mkewe puani kwa sababu barakoa za kampuni zilikuwa za kuonyeshwa wageni. Siku alipoachishwa kazi kwa kukohoa mbele ya wageni hao, alipewa barua na shada la waridi zilizokataliwa sokoni Ulaya. Barua ilisema asante. Waridi zililiwa na mbuzi wa jirani, wakaharisha siku mbili.

Mwenye viatu aliitwa Wachira. Alisema anatoka kwa wakubwa, afisa wa itifaki, na alisema hivyo huku akiizunguka mashine kama mnunuzi wa ng'ombe anavyomzunguka fahali mnadani. Nesi wa zamu, Nakhumicha, alitoka chumba cha sindano akijifuta mikono.

"Sista, kesho ni Madaraka Dei," Wachira alimwambia. "Mheshimiwa anazindua ile wodi mpya ya mapafu pale Kitengela kabla aende uwanjani. Tunaomba hii mashine kidogo."

"Wodi mpya ya mapafu haina mashine zake?"

"Ziko njiani."

"Tangu lini?"

"Sista, nimesema ziko njiani." Akatoa simu, akaipiga mashine picha mbele na ubavuni. "Nilianzia kituo kingine kule mbele. Yao imeshika kutu, iko na buibui ndani. Siwezi weka hiyo mbele ya kamera. Hii yenu ndiyo inakaa mpya."

Priscilla alikitazama kitambaa mkononi mwake. Kwa hiyo ile chafu ilikuwa salama. Mtu wa kule, aliyeiacha ile mashine ikaota buibui, ndiye aliyekuwa amewafanyia wagonjwa wake wema, na yeye aliyekuwa akiamka na giza kupangusa ndiye aliyemuuza mumewe.

"Kuna mgonjwa kwa hiyo mashine," Nakhumicha alisema.

"Masaa mawili tu. Si mko na mtungi?"

"Mtungi ni mmoja. Na umebaki nusu."

"Si ndiyo hiyo sasa."

Priscilla akasimama. Magoti yalimlia. "Basi mchukueni pamoja nayo," alisema. "Huyu ndiye mgonjwa wa mapafu. Mlazeni kwa hiyo wodi yenu, huyo mheshimiwa amwone."

Wachira alimtazama Katoo kwa mara ya kwanza. Midomo ya Katoo ilikuwa na rangi ya zambarau na mbavu zake zilipanda na kushuka chini ya blanketi. Mvunguni mwa kitanda kulikuwa na kikombe cha bati alichotemea. Wachira alikiona kikombe, akarudi hatua moja.

"Huyu hapana, mama. Huyu atatuharibia picha."

Kisha akamtazama Priscilla. Alimtazama kichwa kilichonyolewa, ndewe ndefu za masikio, na shingo. Alimtazama namna hiyo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Wewe uko na shanga? Zile kubwa, za harusi?"

"Ziko nyumbani."

"Basi wewe ndiye mgonjwa. Watu waone ni mtu wa hapa, mtu wa chini. Utalala kitandani na mashine yako kando, nusu saa, imeisha. Mashine ikitoka na wewe, inarudi na wewe. Saa nne uko hapa." Akashusha sauti, sauti ya mtu anayempa mwenzake siri ya bure. "Na nikuambie kitu. Kile kitanda utalalia, namba nne, nitaweka jina ya mzee wako. Wodi ikifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza."

Nakhumicha alifungua mdomo. Wachira akamwonyesha karatasi yenye muhuri, na Nakhumicha akaufunga tena. Alikuwa na watoto watatu na mkataba wa miezi sita.

Wachira alipoondoka, Katoo alicheka, kicheko ambacho kiligeuka kikohozi kikamwinamisha hadi Priscilla akamshika mabega.

"Ngoto Sandra," alisema alipopata pumzi. Tangu binti yao azaliwe hakumwita jina lingine ila hilo la Kimaasai, mama yake Sandra. "Tangu lini... ukawa mgonjwa?"

"Tangu leo, Menye Sandra."

"Ulale vizuri basi. Usikorome... mbele ya serikali."

"Nifanyeje sasa?" Priscilla alisema. "Nikikataa wataibeba tu. Nikienda, naishika."

Katoo alifikiri. Kufikiri nako kulimgharimu pumzi siku hizi. "Ishike," alisema.

Pikapu ilifika kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu wa Juni ulikuwa umelala juu ya tambarare, na baridi ilimuuma Priscilla shingoni chini ya shanga. Nakhumicha alihamishia mrija wa Katoo kwenye mtungi, akaifungua vali yake kidogo sana, akasikiliza.

"Nikiubana hivi, utatufikisha saa sita," alisema. "Saa saba, Mungu akipenda. Mama Sandra, saa tano usiniambie uko njiani. Saa tano uwe hapa."

Dereva, Musila, alitaka kuifunga mashine kwa kamba. Priscilla alikataa. Alipanda nyuma, akaikumbatia kwa mikono na miguu, na hivyo ndivyo alivyoingia Kitengela siku ya taifa lake, mwanamke aliyevaa shanga za harusi akiwa amekumbatia mashine nyuma ya pikapu. Mawe ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa usiku kucha. Kila mlingoti ulikuwa na bendera. Vibanda vya nguo kuukuu karibu na uwanja vilikuwa vimeng'olewa na mashimo ya nguzo zake kufukiwa, na juu yake pakawekwa maua kwenye mikebe.

Wodi mpya ilikuwa jengo refu jeupe kando ya uwanja, lenye utepe mlangoni na jiwe la uzinduzi ukutani, limefunikwa pazia dogo. Ndani mlikuwa na vitanda vinane na magodoro bado yamo kwenye plastiki. Priscilla, ambaye kazi yake ilikuwa sakafu, alitazama sakafu kwanza. Hapakuwa na shimo hata moja la kutolea maji. Kisha akatazama kuta. Mahali pa soketi palikuwa na vitundu vitupu, na waya mmoja mrefu ulikuwa umepitishwa dirishani kutoka kwenye jenereta iliyokuwa ikinguruma nje.

Wagonjwa walikuwa wanne. Kitanda cha kwanza alilala kijana wa boda mwenye mikono minene, anayechezea simu chini ya shuka. Cha pili, mwanakwaya mmoja mnene aliyefungwa plasta mguuni, ingawa wodi ilikuwa ya mapafu. Cha tatu, msichana aliyepaka midomo rangi, akaambiwa aifute, akaifuta nusu. Cha nne kilikuwa cha Priscilla. Alipolala plastiki ililia chini yake. Mezani kwake waliweka waridi kutoka Isinya, na alipogeuza uso harufu ile ikamwingia, harufu aliyoifua katika nguo za mumewe miaka kumi na saba bila kuimaliza.

"Sikiliza," Wachira alisema, akiwa amemwinamia. "Mheshimiwa atakuuliza, mama unaendeleaje. Wewe unamshukuru kwa Kimaasai, 'Ashe oleng, serikali.' Basi."

"Na nikisema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili utasema mengi."

Aliivalisha mashine utepe wa rangi za bendera, akamvalisha Priscilla barakoa ya plastiki iliyounganishwa na mrija, akabonyeza swichi. Mashine ikaanza kunguruma. Priscilla akafumba macho. Kwa dakika chache hewa baridi ilimwingia puani na kifuani akahisi wepesi asiouhitaji, na aliuonea haya kana kwamba anakula chakula cha mtu mwenye njaa huku mwenyewe anatazama.

"Hiyo kitu inaingia kwa maiki," mtu wa vyombo vya sauti alilalamika kutoka mlangoni. "Nasikia tu vuuu, vuuu. Izimeni."

"Zima," Wachira alisema.

Ile taa ya kijani ikazimika.

"Mbona mmeizima?" Priscilla alisema ndani ya barakoa.

"Haina haja ya kufanya kazi, mama. Ionekane tu."

Ilikuwa saa tatu. Ilisemwa mgeni wa heshima angefika saa tatu na nusu. Saa nne ikapita. Kijana wa boda alilala usingizi wa kweli. Mwanakwaya alianza kujikuna ndani ya plasta kwa mpini wa kijiko. Priscilla alilala chali, barakoa isiyotoa kitu usoni, akipumua hewa yake mwenyewe iliyokuwa ikipata joto na unyevu, akiiwazia ile sindano ndogo ya kipimo kwenye mtungi wa Kisaju, namna inavyoshuka bila mtu kuiona ikisogea. Mara tatu alimuuliza Wachira saa. Mara ya tatu Wachira alimwambia wagonjwa hawaulizi saa.

Saa nne na nusu walisikia ving'ora. Kisha vigelegele, kisha mkasi, kisha makofi, halafu mlango ukajaa watu wa suti na mabaunsa na kamera, na mbele yao mtu mnene mwenye kofia ya shanga aliyovishwa dakika mbili zilizopita. Walipita kitanda cha kwanza bila kusimama. Walipita cha pili. Kamera zilikuwa zimeambiwa mapema.

Mheshimiwa alikaa ukingoni mwa kitanda cha nne. Plastiki ikalia. Alinukia marashi na nyama ya kukaanga. Aliinyanyua barakoa ya Priscilla kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria.

"Mama. Unaendeleaje?"

Maneno yalikuwa tayari. Hii mashine ni ya Katoo ole Lemein, yuko Kisaju anakufa. Maneno machache tu, ya Kiswahili, yalimfika Priscilla hadi kwenye meno. Kamera saba zilikuwa zinamtazama. Kisha, nyuma ya bega la Mheshimiwa, alimwona Wachira akigonga kioo cha saa yake kwa kidole na kuashiria nje kwa kichwa, na Priscilla akaelewa: sema, tumalize, gari linangoja. Mashine ilikuwa karibu kurudi. Akiivuruga sherehe sasa, mashine ataifuata katika ofisi gani, kwa nani, na lini?

"Ashe oleng," alisema. "Serikali."

Walimpigia makofi. Kijana wa boda pia alipiga, akakumbuka kwamba yeye ni mgonjwa, akaacha.

"Mmemsikia?" Mheshimiwa alizigeukia kamera. "Huyu mama hajui mimi ni wa chama gani. Anajua tu kwamba anapumua! Wazee wetu walipochukua madaraka ya nchi hii walitaja maadui watatu. Umaskini, ujinga na maradhi. Leo, hapa Kitengela, maradhi tumeyazika!"

Alimpiga Priscilla kofi dogo begani na kuondoka, na wote wakaondoka naye kuelekea uwanjani. Wodi ilijaa watu na kubaki tupu kwa muda usiozidi dakika sita.

Kuvunja kila kitu kulichukua dakika tano. Mwanakwaya alikatwa plasta kwa mkasi ule ule wa utepe. Waridi zilibebwa kupelekwa kwenye meza ya chakula. Priscilla alichomoa mrija, akauzungusha mkononi, akaisukuma mashine kwa magurudumu yake hadi kwenye pikapu, na Musila na vijana wawili wakaipakia. Alipoinua mguu apande, Musila alisema bila kumtazama:

"Shuka, mama. Hatuendi Kisaju."

"Tunaenda wapi?"

"Rongai. Kuna uzinduzi mwingine saa sita. Halafu kesho iko safari ya Kajiado mjini, sijui ni maonyesho." Alikuwa akiusugua usukani kwa kidole gumba. "Mimi ni dereva tu, mama yangu. Usiniangalie hivyo."

Priscilla alishika mpini wa mashine kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele. Alishika tu, na pikapu ilipoanza kwenda alikwenda nayo, hatua kumi, ishirini, viatu vyake vya plastiki vikikokota kwenye changarawe mpya. Polisi mmoja alikuja akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole kabisa, kwa sababu kulikuwa na wapiga picha.

"Mama, usiniletee drama siku ya taifa," Wachira alisema. Alikuwa na sahani tayari.

"Ulisema inarudi na mimi."

"Itarudi. Keshokutwa."

"Mtungi unaisha saa sita! Mtu wangu anakufa saa sita, unaniambia keshokutwa?"

Wachira alitafuna, akafikiri, na Priscilla aliona ile furaha ndogo ya mtu aliyepata jibu la kumwondolea inzi. "Lakini si kitanda chake kiko? Namba nne. Nilikuambia. Wodi imezinduliwa, mlete hapa hata saa hii. Madaktari si watakuja?"

Na yeye akamwamini. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alikuwa ameona vitundu vya soketi kwa macho yake, alikuwa amelalia plastiki, lakini alikuwa pia ameona umati na utepe na jiwe lenye maandishi ya dhahabu, na mtu hawezi kwa urahisi kuamini kwamba wakubwa wote wale wamevaa suti kuja kuzindua kitu ambacho hakipo. Alitoa kabambe, simu yake ndogo ya vibonyezo, kwenye soksi akampigia Nakhumicha.

"Mlete huku. Sista, mlete kwa hii wodi, kitanda kiko."

"Na mashine?"

"Imeenda Rongai."

Nakhumicha alitukana kwa Kibukusu. Ambulensi ya kituo, alisema, ilikuwa imechukuliwa tangu jana ikapangwe uwanjani pamoja na nyingine, wageni wazione. Angetafuta gari la jirani, Probox.

Priscilla alikaa kwenye ngazi za wodi chini ya jiwe la uzinduzi. Kutoka uwanjani kulisikika gwaride, halafu ngoma, halafu hotuba, halafu hotuba nyingine. Moshi wa nyama ulipita juu ya ukuta. Saa sita kasoro simu ililia. Alikuwa Sandra, binti yao, aliyekuwa chuoni Nakuru.

"Mum! Ni wewe nimeona Facebook? Watu wote wananitumia. Uko hospitali? Unaumwa nini, na mbona uko na shanga za harusi?"

"Siumwi."

"Lakini nimekuona umevaa ile kitu ya oksijeni. Umesema ashe oleng. Mum?" Halafu sauti ikabadilika. "Mum, hiyo si mashine ya baba?"

Priscilla alikata simu. Ilipolia tena aliiacha ilie.

Mtu mwenye kofia ya ujenzi alitoka mlango wa nyuma wa wodi na kufuli kubwa. Alifunga mlango wa mbele, akautingisha, akatia funguo mfukoni.

"Unafunga?" Priscilla alisimama. "Kuna mgonjwa anakuja. Namba nne."

"Mgonjwa wa nini? Hii jengo bado ni ya mkandarasi, mama. Hawajanilipa, sijakabidhi mtu. Hakuna stima, hakuna maji. Hiyo ya leo ilikuwa sherehe tu." Alimtazama akamtambua. "Si wewe ndiye ulikuwa umelala humo?"

Alimwomba. Alimshika mkono. Mtu yule alijitoa, akasema kwamba hata akifungua, ndani hakuna kitu ambacho hakipo hapa nje, isipokuwa magodoro, na akaenda kula.

Probox ilifika saa saba kasoro dakika kumi. Barabara ya Namanga ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara wa mgeni mwingine, na walikuwa wamekaa dakika arobaini kwenye makutano huku dereva akipiga honi na polisi akimwonyesha kiganja. Katoo alikuwa kiti cha nyuma, mtungi katikati ya magoti yake, Nakhumicha amekaa ubavuni mwake akimwegemeza. Walimtoa wakamkalisha kwenye ngazi. Alikuwa mwepesi kwa namna iliyomwogopesha Priscilla. Macho yake yalikuwa wazi, yakamwona, yakashuka kwenye shanga.

"Umependeza," alisema. Ilimchukua pumzi tatu.

Nakhumicha alizunguka jengo zima akipiga madirisha kwa ngumi. Alirudi, akaitazama ile sindano ya kipimo, akageuza mtungi ili Priscilla asiione.

"Twende hospitali kubwa," alisema. "Saa hii. Mwinue."

"Mtatokea wapi?" dereva wa Probox alisema. Alikuwa anatazama lango. Polisi walikuwa wamevuta vizuizi vya chuma kukata barabara. "Wamefunga. Wanasema hakuna gari kutoka mpaka wakubwa watoke."

Nakhumicha alikimbia langoni. Priscilla alimwona akizungumza kwa mikono, akionyesha ngazi, akionyesha sare yake nyeupe. Aliona polisi akitikisa kichwa bila hasira yoyote. Wakarudi wote wawili, Nakhumicha mbele akilia kwa hasira na polisi nyuma yake, kijana, uso mlaini, labda mwaka wa kwanza kazini.

"Dakika chache tu," polisi alisema. "Wanafunga sherehe sasa. Wakimaliza tu nawafungulia, mimi mwenyewe."

Kipaza sauti kilikohoa uwanjani. Mshereheshaji aliwashukuru wageni, akawashukuru wafadhili, akasema kwamba kwa kuwa leo si siku ya kawaida, wimbo wa taifa utaimbwa beti zote tatu, na kila Mkenya popote alipo asimame wima. Bendi ikapiga nota ya kwanza. Wapishi wakasimama kando ya masufuria. Kijana wa boda, aliyekuwa akila chini ya kivuli, akasimama na mfupa mkononi.

Polisi alikaza miguu. Kisha akawatazama.

"Simameni," alisema.

"Huyu ni mgonjwa," Nakhumicha alisema. "Wewe huoni? Huyu mtu hapumui!"

"Sista, tafadhali." Sauti yake ilikuwa ya kuomba. Alitupa jicho kwenye jukwaa ambapo makofia yenye dhahabu yalikuwa yamegeuka upande wao. "Kamanda anaangalia huku. Si mimi. Simamisheni mzee, ni dakika moja."

"Hasimami mtu hapa," Priscilla alisema.

Lakini mkono wa Katoo ulikuwa umeshaupata ukingo wa nguo yake, unavuta. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusubiri kusimamishwa na askari mbele ya watu, na hata sasa hakutaka. Priscilla alimwelewa, na kwa kumwelewa alimchukia, na aliichukia bendi na nchi nzima iliyokuwa imesimama. Akapitisha mikono chini ya makwapa yake na kumwinua. Nakhumicha akaubeba mtungi. Katoo alisimama kwa miguu ya mkewe, kifua kwa kifua, kidevu juu ya bega lake, shanga za harusi zikimkwaruza shingoni. Pumzi zake Priscilla alizisikia sikioni, fupi, kisha moja ya mbali, kisha akangoja inayofuata.

Polisi alikuwa amegeukia bendera, mkono kwenye kofia. Mtungi haukuwa ukitoa sauti tena. Priscilla alihisi uzito wa mumewe ukimjia wote mikononi, akajizatiti miguu asimwangushe, akamwita jina lake, akalirudia.

Uwanjani watu walivuta pumzi pamoja, maelfu yao, wakaanza ubeti wa pili.